Pini, Sufu na Ukuta wa Mtaliano

Nimestaafu, na karakana sasa ni yenu. Kabla hamjaanza kuhamisha mbao zangu na kupaka kuta rangi mnayoipenda nyinyi, someni haya. Sitaeleza nilivyopanda cheo wala nililipwaje, maana hayo mnayauliza kila siku na majibu yake hayafumi hata uzi mmoja. Nitaeleza kazi. Na mkiona najisifu, basi mjue nimejipunguza.

Mimi Karisa wa Tezo ndiye mtu wa kwanza ninayemjua aliyerudi Kilifi na Malindi na diploma ya ufumaji. Huenda walikuwepo wengine. Sikuwahi kukutana nao, na kusema kweli sikuwatafuta.

Lakini kazi haikuanzia kwenye diploma. Ilianzia kwa Mzee Athmani, fundi magodoro wa Malindi, karibu na soko la zamani. Siku ya kwanza alinipa shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magodoro na mikeka, akaniambia niishike. Nikaishika. Yeye akaendelea kushindilia sufi ndani ya godoro la bwana harusi mmoja, anapiga kwa fimbo, anakohoa, anasalimiana na kila apitaye mlangoni. Mchana ukafika.

"Mzee, sasa nishone wapi?"

"Ushone? Umeshajua kuishika?"

"Si nimeishika tangu asubuhi!"

"Umeishika kama mtu aliyekamata mwizi. Hiyo haijamwibia mtu, mwanangu. Ilegeze."

Nililegeza. Hadi leo nikimwona mmoja wenu amekakamaa vidole juu ya sindano namsikia Mzee Athmani akikohoa. Alinifundisha pia kwamba mshono mzuri haufichwi, huachwa uonekane ili mnunuzi ajue kuna mtu alikaa chini akashona. Nilikaa kwake hadi nilipojua kushona kona ya godoro ikasimama kama kona ya sanduku. Kisha nikasikia kuna chuo Denmark kinachukua watu wa kazi za mikono, nikaomba mwenyewe, nikafanya mtihani mwenyewe, nikafaulu mwenyewe. Sikuwa na mjomba ofisini. Mjomba wangu alikuwa Tezo akilima mihogo.

Ya Denmark sitasema mengi. Kulikuwa na baridi, nikavaa soksi mbili mbili, nikapata diploma. Jambo kubwa nililouletea mwambao huu ni kufuma kwa pini, kazi ambayo haihitaji mashine wala umeme wala chumba kikubwa.

Nyinyi mnaijua, lakini kwa atakayeokota karatasi hizi barabarani nitaeleza. Unachukua ubao. Unapigilia safu ya pini juu na safu ya pini chini. Uzi wa kwanza unaupandisha na kuushusha, unazungusha pini ya juu, unazungusha pini ya chini, hadi ubao ujae nyuzi zilizosimama. Huo ndio mtande. Kisha kwa sindano unapitisha uzi wa kulala, juu ya mmoja, chini ya mwingine, na huo ndio mshindio. Unaushindilia kwa chanuo. Mimi nilitumia chanuo la mti la kuchania nywele, maana miaka ile ya themanini kila kijana alikuwa nalo mfukoni na nywele za kulitumia. Ukitaka kitambaa chenye vinundu, unachanganya uzi mnene na mwembamba, unaacha vitanzi, unafunga mafundo. Ukimaliza unachomoa pini, na kila mahali palipokuwa na pini pamebaki tanzi dogo safi, juu na chini. Unapitisha fimbo kwenye matanzi, unatundika ukutani. Hakuna kupinda wala kukunja. Ni kazi ya kifalme.

Niliporudi Tezo baba yangu aliuliza nilichokuwa nikisoma. Nikampa ubao na pini, nikamwonyesha. Akatazama mpaka mwisho.

"Yaani umepanda ndege, ukavuka bahari, kwenda kujifunza kazi ya mama yako?"

"Baba, mama hana diploma."

Mama alikuwa uani akisuka ukili wa mkeka. Akajibu bila kuinua kichwa: "Na mkeka ulioukalia hapo, umesukwa na diploma?"

Nilihamia Malindi wiki hiyo hiyo.

Chumba nilikipata Kisumu Ndogo, nyuma ya kanisa dogo la mabati. Kilikuwa stoo ya viti. Mzee wa kanisa, jina lake Ngumbao, alinikubalia kukitumia kwa sharti kwamba nifundishe wanawake wa mtaani, na viti akavipanga nje ukutani, chini ya upenu. Wakaja wanawake, wengine wakakaa, wengine wakaona pini wakaenda zao. Waliobaki na kuwa mafundi hasa walikuwa wawili.

Wa kwanza ni Mama Dama, Mgiriama, msukaji wa mikeka tangu utotoni, ambaye kabla ya kuja kwangu alikuwa akiponda kokoto machimboni. Mikono yake ilikuwa migumu kama nyundo aliyoiacha. Wa pili ni Atieno, aliyetoka Ziwani na mumewe dereva, mumewe akaendelea na safari na yeye akabaki. Atieno alikuwa na ulimi mkali na macho makali zaidi, akiona uzi uliopotea njia kutoka mlangoni.

Waliniita Mwalimu. Nilipowaambia wanaweza pia kuniita Fundi Mkuu, Atieno akasema jina refu hilo litachelewesha kazi.

Mwaka wa kwanza tulifuma vitu vidogo, vya kuwekea sahani na vya kutundika. Nikajifunza jambo ambalo Denmark hawalijui: hewa ya Malindi inakula pini za chuma. Kutu inaingia kwenye sufu, ukichomoa kipande kina madoa kama mtoto mwenye surua. Tumieni pini za shaba. Msinunue za bei rahisi halafu mje kunililia.

Kisha akaja Mtaliano. Alikuwa na hoteli ufuoni, na alikuwa amejenga ukumbi mpya wa kulia chakula wenye ukuta mtupu unaokutazama pindi unapoingia. Mtu alimwonyesha kazi yetu. Akaja na kaptura yake, akashika kila kitu, akafumba macho akipapasa.

"Mimi nataka bahari," akasema. "Kubwa. Nene. Mkono nashika, nasikia. Lakini hapana samaki! Hoteli ile samaki, hoteli hii samaki, choo samaki. Mimi nachoka samaki kabisa."

Nikamwambia amefika kwa mtu mwenye diploma. Akasema vizuri, ukumbi unafunguliwa mwisho wa mwezi.

Mzee Ngumbao alisikia. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, zinapiga viti vyake kwa ubavu, na waumini walikuwa wanarudi nyumbani na nguo zilizochapwa rangi ya ubao mbichi. Akatuita sote watatu.

"Nimewavumilia," akasema. "Lakini kanisa lanipigia kelele. Tufanye hivi. Mtaliano akikipokea kitambaa, akataka na vingine, nitajua hii ni kazi, mtakaa. Akikikataa, Jumatatu yake viti vyangu vinaingia ndani na mbao zenu zinatoka."

"Na sisi je, mzee?" akauliza Mama Dama.

"Wewe una nyundo yako, mama."

Hakusema kwa ubaya. Lakini Mama Dama aliporudi kwenye ubao wake alishindilia mshindio mpaka chanuo likavunjika jino.

Basi kazi ikaanza. Tatizo la kwanza: ukuta ni mkubwa, ubao ni mdogo. Hapo nikakumbuka mikeka ya mama, ambayo husukwa kili nyembamba, tepe ndefu ndefu, na kushonwa pamoja mpaka mkeka ukajaa chumba. Sisi tungefuma vipande vingi kwenye mbao zetu, kisha niviunganishe kwa shazia, mshono wa godoro, bila kuuficha. Nilichora picha: safu ya chini mchanga wa ufuo, safu ya kati mwamba wa matumbawe, safu ya juu maji. Mchanga nikajipa mimi, kwa sababu mchanga unatakiwa ulale tambarare kama nguo iliyopigwa pasi, na huo ni mtihani wa fundi. Mwamba nikampa Mama Dama. Maji nikampa Atieno.

Nikaenda Mombasa kutafuta pini za shaba. Niliporudi, tangu kwenye lango la kanisa nikasikia harufu.

"Atieno, kuna nini humu? Nani kafuga mbuzi?"

"Mimi sina mbuzi, Mwalimu. Muulize Mama Dama."

Mama Dama alikuwa na karai la maji, na ndani yake mabaki ya sufu yangu ya mwamba, sufu iliyosokotwa kwa mkono kule bara, ngumu, nzuri. Alikuwa ameiloweka, kama miyaa, majani ya kusukia mkeka, inavyolowekwa ili isivunjike. Alifuma uzi ukiwa umelowa, akamaliza vipande vyake, na kwa kuwa mkeka hauachwi ukauke ukiwa umebanwa, akavichomoa kwenye pini vikiwa bado na maji. Vimelala juani vimejikunja, vimevimba, vina matuta na mashimo, vimepungua upana. Kimoja kilikuwa kimejiviringa kabisa kikaniangalia kama kobe.

"Mama Dama! Nani kakwambia uloweke?"

"Nani kaniambia nisiloweke?"

"Sufu si miyaa!"

"Nimeona si miyaa. Miyaa haina harufu hii."

Atieno alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye kiti kimoja cha Mzee Ngumbao, kikiwa na maji, nikashika kile kipande. Nikafumba macho kama Mtaliano. Na vidole vyangu vikaniambia kitu: huu ni mwamba. Huu ndio mwamba wenyewe, ule unaoukanyaga maji yakikupwa, ukaumia. Sababu niliijua, nilifundishwa darasani: uzi uliosokotwa sana, ukilowa na ukiachiwa, unajikunja kutafuta mahali pake. Ukibaki kwenye pini mpaka ukauke, unalala. Ukichomolewa na maji, unainuka. Darasani niliandika hayo kwenye mtihani na nikapata alama nzuri, ila hakuna aliyewahi kuniambia yana faida.

"Loweka sufu nyingine," nikamwambia Mama Dama. "Vimepungua upana, safu yako itakuwa fupi. Ongeza vipande."

"Kwa hiyo nilikuwa sawa?"

"Ulikosea vizuri sana."

Basi wakubwa, ndivyo karakana hii ilivyopata kitambaa chake cha matuta. Mnauliza mbona kwenye maelezo ya mafunzo nimeandika "mbinu ya Karisa". Kwa sababu mwenye kueleza ni mimi.

Mchanga wangu ulikauka kwenye pini, ukalala kama meza. Siku ya kuunganisha nikaenda kuchukua maji ya Atieno. Yalikuwa mazuri, buluu juu ya buluu, vitanzi vinavyopanda na kushuka. Na kwenye kona ya chini ya kipande kimoja, karibu na mahali mwamba utakaposhonewa, palikuwa na kitu cha kahawia.

"Atieno, hii nini?"

"Maji."

"Hii yenye mkia?"

"Maji ya kwetu yana mkia. Wewe hujafika Ziwani."

"Mtaliano alisema hataki samaki!"

"Alisema amechoka na samaki wa hoteli. Huyu si wa hoteli, huyu ni wa kwetu. Mwalimu, bahari yote hii kubwa, haina hata mkaaji mmoja? Hiyo si bahari, hiyo ni blanketi."

Kumtoa samaki kungemaanisha kufumua kipande kizima, na ufunguzi ulikuwa kesho yake. Nikapima. Alikuwa mdogo, mnene wa mgongo, pezi lake limesimama, mkia umeinuka. Nikaamua siku ya ufunguzi nitafika mapema, nitundike kitambaa kwa mikono yangu, kisha nisimame mbele ya samaki mpaka wageni waondoke. Nina mabega mapana.

Nikashona. Nikapitisha shazia usiku ule na alfajiri yake, imelegea vidoleni kama nilivyofundishwa. Asubuhi tukakiviringa, tukakipeleka hotelini kwa mkokoteni, tukakiacha kwa vijana wa pale. Hapo nikafanya jambo ambalo mtu wa hadhi yangu lazima alifanye: nikarudi nyumbani kuvaa suti yangu ya Denmark. Suti ile ilikuwa ya sufu nzito. Kufunga vifungo vyake katika joto la Malindi ni kazi, na tai ilinisumbua. Nilipofika hotelini, nikitiririka jasho kama aliyetoka kuoga na nguo, kitambaa kilikuwa kimeshatundikwa.

Kilikuwa kimetundikwa juu chini.

Kosa halikuwa la vijana. Pini zinaacha matanzi pande zote mbili, safi, sawasawa, kazi ya kifalme kama nilivyosema. Wao walipitisha fimbo kwenye matanzi waliyoyaona kwanza. Maji yalikuwa chini. Mwamba wa Mama Dama ulikuwa katikati. Mchanga wangu uliolala kama meza ulikuwa juu, karibu na dari. Na chini kidogo ya mwamba, tumbo juu, pezi chini, alikuwa samaki wa Atieno.

Mama Dama alikuwa amesimama pembeni na leso yake mpya, ameziba mdomo. Atieno akanisogelea, akanong'ona: "Mwalimu, samaki wangu amekufa."

Mzee Ngumbao alikuwepo pia, amekuja kuona kwa macho yake, kofia mkononi. Na Mtaliano alikuwa katikati ya ukumbi, mikono kiunoni, anatazama. Akaona nimeingia, akanijia na kunikumbatia, jasho na yote.

"Fundi! Mimi naona! Chini bahari. Katikati mawingu, makubwa makubwa, mvua nakuja. Juu..." akaonyesha mchanga wangu, "juu jua nalala, rangi ya dhahabu. Na hii hapa, kidogo kidogo!" Akaenda mpaka ukutani, akaweka kidole juu ya tumbo la samaki. "Mashua! Moja tu, peke yake! Hapana samaki. Wewe nasikia mimi."

Nikatazama. Na kweli, pezi lilikuwa limeingia majini kama mkuku, ule uti wa chini ya chombo, mkia umekaa nyuma kama usukani. Ilikuwa mashua nzuri kuliko ambayo Atieno angeweza kufuma akiombwa.

"Iko sawa, fundi?" akauliza Mtaliano. "Kila kitu mahali yake?"

Vijana wangu, sikilizeni. Katika maisha yangu nimesahihisha watu wengi. Nimewahi kumsahihisha kasisi akihubiri. Mwalimu wangu wa Denmark nilimsahihisha mbele ya darasa, kwa Kidenmark. Na pale mbele yangu palikuwa na kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kufanya, imesimama kichwa chini mbele ya watu wenye nguo nzuri, mchanga wangu ukiitwa jua. Ulimi ulikuwa tayari. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno: bwana, leteni ngazi.

Na wakigeuza, samaki anafufuka. Na Mtaliano amechoka samaki kabisa.

Mama Dama aliutoa mkono mdomoni, akanitazama. Mkono ule nikauona, na nikaona uliposhika nyundo miaka yote ile. Mzee Ngumbao naye akainua kichwa, kutoka kwenye kitambaa kuja kwangu.

"Iko sawa," nikasema.

Sauti ilitoka nyembamba. Ndiyo sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kusema hadharani, na Atieno alikuwa akiirudia kwa sauti ile ile kila nilipomkasirisha.

Mtaliano akapiga makofi, wageni wakapiga makofi. Akasema anataka vingine, vidogo, kimoja kila chumba cha kulala. Hivi hivi. Bahari chini, mawingu, jua, na mashua.

Kwa miaka iliyofuata Atieno alifuma samaki kwa hoteli ile. Mashua alikataa, akasema hajui kufuma mbao. Alikuwa akifuma samaki mzima, mwenye afya, kisha mimi nafunga uzi mwekundu kwenye matanzi ya upande wa tumbo, ili atundikwe chali. Ndiyo maana hadi leo kila kipande kinachotoka humu kina uzi mwekundu upande wa juu. Kijana mmoja wenu aliniuliza kama ni nembo ya karakana. Nikamwambia ndiyo.

Lakini jioni ile ya ufunguzi bado kulikuwa na Mzee Ngumbao. Tulitoka naye hotelini tukafuata njia ya kurudi Kisumu Ndogo, wanawake wakitangulia wanacheka, mimi nimebeba koti begani. Alitembea kofia ikiwa bado mkononi.

"Karisa."

"Naam, mzee."

"Mimi nimekula samaki maisha yangu yote."

"Najua, mzee."

"Yule mle ndani alikuwa amelala chali."

Nilifikiria kueleza nadharia ya umbo, ambayo tulisoma mwaka wa pili.

"Ndiyo, mzee," nikasema.

"Na Mzungu ataka wengine?"

"Kila chumba."

Akavaa kofia yake, akaitengeneza vizuri kichwani, tukapita hatua kadhaa.

"Basi viti," akasema, "nitavitafutia turubai."